Kiburma na Kiyi ni ndugu kweli? Kila mchoro naona una lake

Dogo wa Ujiji: Wakuu habari za jioni, umeme ndo umerudi huku. Nachimba ukoo wa lugha unaitwa Lolo-Burma, una Kiburma cha Myanmar na Kiyi cha Yunnan na Sichuan kule China, sasa mchoro mmoja wa ukoo umeweka Kinaxi, lugha nyingine ya Yunnan, humo ndani, mwingine umekitoa nje, Kibai nacho cha hukohuko Yunnan ndo hakieleweki kabisa. Wanatumia kipimo gani, au kila mtu anachora anavyojisikia?

Mzee wa Ipuli, Tabora: Dogo anzia nyumbani. Nyie Waha mnasema umuntu, ikintu, sie Wanyamwezi munhu, kinhu, Kiswahili mtu, kitu. Yaani nt yenu kwetu ni nh na Kiswahili kimeimeza n, na inajirudia neno hadi neno, hiyo ndo wanatafuta. Halafu wanaangalia nani wamebadilika pamoja. Kiburma tano ni nga na samaki ni nga hiyohiyo, Kilahu cha upande wa Lolo, yaani upande wa Kiyi, nacho hivyohivyo, ila Kitibeti cha kuandika tano ni lnga, samaki ni nya. Binamu Kitibeti katenganisha, ndugu wa tumbo moja wamechanganya.

Dogo wa Ujiji: 😂😂 kwa hiyo pale mwalo wa Kibirizi nikitaka samaki watano nasema nga nga?

Mzee wa Ipuli, Tabora: Nga nga kaung, hiyo kaung ni ya kuhesabia wanyama. Usinichekeshe niko kazini.

Ticha Mstaafu: Ila msihesabu tu maneno yanayofanana jamani, sita saba tisa tumetoa kwa Waarabu, Kiswahili kimekuwa Kiarabu? Kibai kimewakwama hapohapo, maneno ya Kichina kibao, mmoja anasema yameazimwa, mwingine anasema ni ndugu wa Kichina kabisa. Kinaxi tatizo lingine, konsonanti za mwisho zimeliwa zote, utalinganisha nini? Kiburma afadhali kina maandishi, lile jiwe la maandishi la Myazedi ni la 1113, mpaka leo jicho wanaandika myak wakati hiyo k haitamkwi tena. Mwanaisimu Bradley alikitoa Kinaxi nje miaka ya 1970, na 2011 wenzake Jacques na Michaud wakakisogeza kwa lugha za kina Qiang, tawi lingine kule China. Mi nawaelewa hao wa mwisho.

Dogo wa Ujiji: Asante mwalimu, shikamoo. Na hilo jina Lolo?

Ticha Mstaafu: Marahaba. Wayi wa China wanaliona tusi, ndo maana Bradley siku hizi anaandika Ngwi.