Naomba ushauri: Porsche 911 ya 2003 kwa matumizi ya kila siku, Malindi

Salaam ndugu zangu. Kuna mzee anahama hapa Malindi, anauza Porsche 911 ya 2003, injini ya lita 3.6. Nimelipenda mno. Kazi yangu iko Watamu, kwa hiyo nitaliendesha kila siku.

Kinachoninyima usingizi ni beringi ya shafti ya kati ndani ya injini. Matoleo ya miaka ile yanajulikana kwa hilo: ikivunjika, injini nzima inaweza kufa. Mwenyewe anasema haijawahi kubadilishwa. Je, nikikata filta ya oili nikatazama kama kuna chembe za chuma, inatosha? Au niibadilishe beringi yenyewe kabla sijaanza safari? Ili kuifikia, gia boksi lazima ishushwe, basi klachi nayo ifanywe papo hapo.

Halafu chumvi. Gari limelala karibu na bahari. Niliinama nikaona nati za egzosi zimeliwa hadi zimekuwa duara. Rejeta za mbele, nyuma ya bampa, zimejaa majani na mchanga. Na matuta yetu mnayajua.

Aliyewahi kulimiliki huku Pwani anieleze, tafadhali, na anielekeze kwa fundi wa kuaminika Mombasa. Mzee anataka jibu Ijumaa.