Dawa ya wadudu kwenye shimo wakati wa kupandikiza tumbaku, inatosha peke yake?

Kaliua_mvuke: Wakuu habari za msimu, miche ipo vizuri kitaluni nasubiri mvua zikolee nipandikize. Msimu uliopita huku sota, wale viwavi wa udongoni, walikata miche usiku, iliyopona ikavamiwa na vidukari majani yananata tu. Sasa naambiwa changanya dawa ya wadudu ya imidacloprid na maji, mwagia kila mche shimoni umemaliza kazi. Kweli inamaliza wote? Maana mkopo wa pembejeo utakatwa tu hata miche ikiisha

mzee wa matuta: Mkuu umeambiwa nusu. Hiyo dawa mche unainywa kwa mizizi inapanda mpaka majani, kwa hiyo anayefyonza utomvu, yaani vidukari na inzi weupe, ndo anakufa, na inakulinda wiki kadhaa za mwanzo mche ukiwa bado mchanga. Inzi weupe usiwachukulie poa kabisa, ndo wanaoeneza ule ugonjwa wa majani kujikunja na mche ukishaupata hautibiki. Ila sota yeye anakata shina, imidacloprid haimuwezi. Asubuhi ukikuta mche umelala fukua udongo pale pale kwa vidole utamkuta kajikunja, kanene ka kijivu. Huyo mtafutie dawa nyingine, lambda-cyhalothrin, puliza jioni shinani na udongo wa kuzunguka maana anatoka usiku

Bi shamba: Na sota anaanza kupigwa kabla ya mche kufika shambani jamani. Lima mapema, palilia magugu yote wiki 2 mpaka 3 kabla, akose chakula

asali_sikonge: Sisi wa mizinga tunaomba kitu kimoja, imidacloprid ni sumu kali kwa nyuki, Ulaya walizuia isitumike nje mashambani tangu 2018. Kumwagia shimoni ni afadhali kuliko kupuliza, ila maua ya tumbaku kateni mapema na pampu msioshee mtoni tafadhali

Kaliua_mvuke: Shukrani sana. Kipimo je, kifuniko kimoja kwa ndoo?

mzee wa matuta: Hapana, usipime kwa kifuniko! Kuna ya maji ya gramu 200 kwa lita na kuna ya chenga ya asilimia 70, nguvu zake haziendani kabisa, fuata kibandiko cha chupa uliyoshika wewe. Halafu vaa glavu, unapandikiza mikono ikiwa ndani ya tope lenye dawa, na watoto wasishike kopo la kumwagia hata kama mna haraka ya mvua