Naombeni ushauri: nyota ya babu ya vita vya Burma

Mjukuu wa Keya: Wakuu, shikamooni wakubwa. Marehemu babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kikosi cha 36 cha Tanganyika, alipigana Burma 1944. Ameacha medali ya vita, nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wa buluu iliyoiva na mwekundu katikati, kila upande mchirizi wa rangi ya chungwa. Kuna mtu anaitaka kwa hela. Niuze au nisiuze? Silali.

Kinyozi: Bei gani kwanza?

Bibi Shamba: Cha marehemu hakiuzwi. Babu yangu naye alikuwa Keya, alirudi na blanketi la jeshi na kikohozi. Blanketi lile limetufunika ndugu wanne, linawasha kama upupu!

Sajini Mstaafu: Kikosi cha 36 kilikuwa divisheni ya 11, ile ya alama ya kichwa cha kifaru. Walipita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria mpaka mji wa Kalewa, wakauvuka mto Chindwin Desemba. Kijana, nyota iko wapi sasa hivi?

Mjukuu wa Keya: Ipo salama.

Sajini Mstaafu: Nimeuliza wapi.

Mjukuu wa Keya: Haya. Iko kwa mnunuzi tangu Ijumaa. Katanguliza laki mbili, nimelipa ada ya mtoto. Nilienda kuichukua kwa shangazi, yeye hajui. Msinishukie kama mwewe! Ilikaa mkebeni na vifungo vya makoti, na babu nilimuuguza mimi.

Kinyozi: Laki mbili? Umepigwa.

Bibi Shamba: Umeiba, mwanangu. Ada tungekuchangia.

Mjukuu wa Keya: Sijaiba, nitaikomboa. Haiwezi kupotea, nyuma ina jina la babu.

Sajini Mstaafu: Hii chai. Nyota zile Waingereza waliwapa Keya bila jina.

Kinyozi: Chai ya tangawizi kabisa 😂

Mjukuu wa Keya: Si Waingereza. Babu alilichonga mwenyewe kwa msumari, N imegeuka nyuma mbele.

Sajini Mstaafu: Weka picha.

Mjukuu wa Keya: Picha iko kwenye simu ya shangazi.

Kinyozi: Si umwombe?

Mjukuu wa Keya: Kanipigia mara tatu tangu asubuhi. Sijapokea.