Seli shina za ubongo zinanata chini na kufa kila zikifika siku ya 5. Naombeni ushauri

BintiWaKizota

Mbukwenyi wakuu, habari za jioni.

Niko hapa Dodoma, nasoma shahada ya uzamili, na hii ni mara ya 3 napoteza kazi yote. Nakuza seli shina za ubongo, yaani seli changa ambazo bado zinaweza kuwa aina mbalimbali za seli za ubongo, kutoka kwa vijusi vya panya wa maabara wa siku 14. Nataka zielee kwenye midia (maji ya virutubisho) kama vitufe, nizigawe, zikue tena, ndipo nianze majaribio yenyewe.

Siku 3 za mwanzo vitufe vinatokea na vinang'aa kwenye hadubini, hadi roho inatulia. Siku ya 4 vinashuka. Siku ya 5 vimenata kwenye plastiki na kutoa mikono kama mizizi. Ikifika siku ya 8 nusu zimekufa.

Ninachoweka: EGF na FGF-2, protini mbili za kuchochea seli zigawanyike, nanogramu 20 kwa mililita kila kimoja. Naongeza seramu ya ndama (majimaji ya damu yake yasiyo na chembe) asilimia 5, maana niliambiwa maabara kwamba hakuna seli inayokua bila seramu. FGF-2 yangu ni kichupa kimoja cha mikrogramu 50. Nakitoa kwenye friza, nayeyusha, nachota, nakirudisha. Mwezi jana umeme ulikatika usiku na jenereta ikachelewa kuwaka.

Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda mwaka 2021, uti wa mgongo ukaumia, mpaka leo hatembei. Sijidanganyi kwamba kazi hii itamnyanyua, ila ndiyo iliyonifanya nichague neva, na kila nikimwaga flaski naumia mara mbili. Nianzie wapi? Hela ya kununua vichocheo vingine ninayo ya mara moja tu.

Mzee wa Hadubini (Morogoro)

Pole sana binti yangu. Anza na seramu, itoe leo.

Aliyekuambia hivyo ameshazoea seli za ini au za ngozi, na kwa hizo yuko sahihi. Hizi za kwako ni watoto wasiotakiwa kukua haraka. Ndani ya seramu kuna protini zinazozisukuma zikomae, na nyingi huishia kuwa astrosaiti, zile seli walezi wa neva. Hiyo mikono unayoiona ndiyo zenyewe. Sisi tukitaka zikomae kwa makusudi tunaondoa EGF na FGF-2, tunaweka seramu asilimia 1 tu, na zinanata vizuri kabisa. Wewe umeziwekea 5 huku unaziomba zielee!

Mwaka 1992 Reynolds na Weiss, wakiwa Calgary, Kanada, walichukua seli za ubongo wa panya mkubwa, wakazikuza bila seramu, kwa EGF peke yake. Nyingi zilikufa. Chache zilizobaki zikagawanyika na kuwa vitufe, na ndani yake zikatoka nyuroni (seli za neva zenyewe) na astrosaiti. Kwa hiyo ukiona vifo vingi siku za mwanzo usihamaki, hao wachache ndio unaowatafuta. Pengo la seramu lizibe kwa kirutubisho cha B27, kile kisicho na vitamini A. Chenye vitamini A nacho huzikomaza.

KaloriTatu

Namheshimu Mzee na seramu itoke, ila hata bila seramu angepata shida. Tatizo la pili ni hicho kichupa.

Dada, FGF-2 ni protini dhaifu mno. Kwenye nyuzi 37 nguvu yake kubwa inaisha ndani ya siku moja, na kila unapoigandisha na kuiyeyusha unaipunguza tena. Nina wasiwasi unaandika nanogramu 20 kwenye daftari wakati ndani ya flaski kuna 5 au hakuna kabisa.

Kikija kipya fanya hivi siku hiyo hiyo. Yeyusha mikrogramu 50 kwenye mililita 2.5 za bafa (maji yanayotuliza kiwango cha asidi) yenye protini ya albumini asilimia 0.1, ili protini isinate kwenye kuta za plastiki. Gawa kwenye vitubu 50, kila kimoja mikrolita 50, vyote kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Kitubu kimoja kinatosha midia mililita 50. Ukishakiyeyusha hakirudi. Weka na heparini mikrogramu 2 kwa mililita, inaikinga FGF-2, na uongeze vichocheo vipya kila baada ya siku 2, usisubiri wiki.

Chamwino_Lab

Mi nimeona watu wanatumia EGF tupu na vitufe vinatoka. Kama hela haitoshi aache FGF-2.

KaloriTatu

Mkuu, kwa panya mkubwa sawa. Kijusi ni habari nyingine: seli zake huanza kuitikia FGF-2 kwanza, EGF inafuata baadaye. Siku 14 ndipo hizo mbili zinapokutana. Akiacha FGF-2 atapoteza sehemu ya seli zake bila kujua.

Mama Neema

Samahanini wataalamu kwa kuingilia. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Kuna mtu ameniambia ipo sindano ya seli shina nje ya nchi, mamilioni ya shilingi, na anataka tutangulize nusu. Nimefika hapa kwa kutafuta neno hilo. Ni hizi hizi?

Mzee wa Hadubini

Mama Neema, shikamoo kwa moyo wako wa kupambana. Usitoe hata shilingi. Zinazozungumzwa hapa ni seli za panya ndani ya flaski. Kwa mtindio wa ubongo hakuna sindano ya seli shina iliyothibitishwa kuwa tiba, na seli zisizodhibitiwa zikiingia mwilini zinaweza hata kuota uvimbe. Hela hiyo ipeleke kwenye mazoezi ya viungo na kliniki ya watoto, na mtu anayedai utangulize nusu muulize kibali cha mamlaka ya dawa. Naomba uendelee kutuuliza.

BintiWaKizota

Wakuu nimerudi, ni siku ya 9.

Nilitenga flaski 4. Mbili bila seramu na kichocheo kipya, moja bila seramu na kile kichupa cha zamani, moja kama nilivyokuwa nafanya. Ile ya mwisho imenata siku ya 5 kama kawaida. Ya kichupa cha zamani haikunata, ila vitufe ni vichache na vidogo. Mbili za kwanza zimejaa vitufe vinavyoelea, nimekaa nikivitazama hadi mlinzi akaja kufunga. Mdogo wangu nimempigia picha nikamtumia.

Swali moja: vile vikubwa, karibu mikromita 200, katikati pameanza kuwa peusi. Ni rangi tu?

KaloriTatu

Hapana, katikati hewa na chakula havifiki, zimeanza kufa. Ulipaswa kuvigawa vikiwa 100 hadi 150. Vigawe kesho asubuhi, kwa Accutase, kimeng'enya kipole cha kutenganisha seli, usitumie tripsini ambayo ni kali zaidi, na usitikise flaski ukiwa unaibeba maana vitufe vinagusana na kuungana.