Kusimamia ubatizo Italia: mimi ni Mwanglikana, kanisa ni la Kikatoliki

Mwalimu wa Mbweni:
Nawasalimu nyote. Nilibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Anglikana hapa Mbweni, Zanzibar. Rafiki yangu niliyesoma naye skuli, Mkatoliki wa Machui ambaye sasa ameolewa na anaishi Bologna, ameniomba niwe mama wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza baada ya Pasaka. Nilikubali papo hapo, maswali yakaja baadaye. Je, paroko wa huko atanipokea mimi nisiye Mkatoliki? Viza naiombaje, na sababu ya safari niielezeje? Tena nasikia msimamizi huko hutarajiwa kumvisha mtoto dhahabu, na mshahara wa ualimu mnaujua. Nitamshukuru atakayenijibu kwa uhakika, kwani wa kunitisha ninao wa kutosha nyumbani.

Katekista, Mji Mkongwe:
Dada, tuanze na kanisa, maana hilo likikwama viza haina kazi. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 872 hadi 874, zinamtaka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea kipaimara na Ekaristi, na asiwe mzazi wa mtoto. Mbatizwa wa kanisa jingine, kama wewe, hawezi kuwa msimamizi, lakini huruhusiwa kusimama kama shahidi wa ubatizo, kwa sharti kwamba yupo pia msimamizi Mkatoliki. Kwa hivyo rafiki yako amtafute Mkatoliki mmoja, nawe usimame pamoja naye. Usiione nafasi hiyo kuwa ya kupozwa roho tu, kwani kanuni ya 877 inamwagiza paroko aandike katika daftari la ubatizo majina ya wasimamizi na ya mashahidi pia, kama wapo. Chukua cheti chako cha ubatizo na barua ya padri wako.

Aidha, rafiki yako amuulize paroko mapema na kwa maandishi, kwa sababu majimbo ya Kanisa huko Italia hayafuati utaratibu mmoja. Jimbo Kuu la Catania, kule Sicilia, lilisitisha wasimamizi kwa miaka 3 kuanzia Oktoba 2021, kwa kuona kwamba nafasi hiyo imebaki desturi tu.

Mzee wa Wete:
Mwanangu, mimi ni Muislamu na mambo ya ubatizo nawaachia wenyewe, ila viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, naifahamu, kwani mwanangu anaishi Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake, lakini ukingoja siku hizo za mwisho utakuwa unajitafutia maradhi. Ada ni yuro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki hai kwa miezi 3 baada ya siku utakayotoka huko. Ikiwa hujawahi kuchukuliwa alama za vidole kwa viza hiyo, itakubidi uvuke mwenyewe hadi Dar es Salaam, huwezi kumtuma mtu.

Anayesoma maombi yako hashughulishwi na utamu wa sherehe, anataka kujua kama utarudi. Barua ya likizo kutoka skuli yako, yenye tarehe ya kurejea kazini, ina uzito kuliko picha zote za mtoto. Taarifa ya benki ioneshe mshahara unaoingia mwezi baada ya mwezi. Wako watu wanaokopa milioni kadhaa na kuzitia benki wiki moja kabla, na hilo huonekana mara moja.

Mkaazi wa Kiwengwa:
Dhahabu ni kweli, mkufu au medali ndogo hutolewa sana na wasimamizi, lakini hakuna kanisa linaloidai. Mwenzangu, mpelekee mama mtoto doti ya kanga, na mtoto umnunulie kitu kidogo. Utarudi na lozi zilizopakwa sukari, ambazo hugawiwa wageni. Mkumbushe pia mwenyeji wako kwamba sheria ya Italia inamtaka atoe taarifa polisi ndani ya saa 48 anapomlaza mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya.

Mwalimu wa Mbweni:
Ahsanteni sana. Nimekwisha kumwandikia rafiki yangu amwone paroko. Mzee wangu, barua yake ya mwaliko initaje kama mama wa ubatizo, au kama rafiki tu?

Mzee wa Wete:
Ikutaje kwa lile atakaloliandika paroko. Akisema shahidi, basi mwaliko useme shahidi, fomu iseme kumtembelea rafiki na kuhudhuria ubatizo, na barua ya skuli itaje tarehe hizo hizo. Usiombe miadi ya viza kabla jibu la paroko halijafika mkononi mwako.