Muvi ya "kununua" mtandaoni inakuwa yako kweli, au bora niendelee kulipia kwa mwezi?

MtuWaTabata

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana hili jambo nyumbani kwangu limeshakuwa kesi. Mimi ni mpenzi wa muvi tangu enzi za kuazima kanda, nikaja sidii, sasa hivi nalipia Netflix kila mwezi na kuna nyingine mke wangu analipia kwa ajili ya tamthilia zake. Tatizo kila nikitaka kurudia muvi niliyoipenda naikuta imeondolewa, zimeingia zingine ambazo hata sina habari nazo, na hela inakatwa vilevile.

Juzi shemeji yangu yuko Muscat kaniambia yeye hana habari na kulipa kila mwezi, ananunua muvi moja moja kwenye simu, analipa mara moja basi inakuwa yake, anazo kama sitini hivi. Nikaona kama nimechelewa maisha.

Sasa naomba kujua, ukinunua hivyo inakuwa yako kweli kama sidii tuliyokuwa tunanunua Kariakoo? Naweza kuitoa nikaiweka kwenye flashi nikachomeka kwenye tv? Na bando je, ipi inakula kidogo? Na tafadhali msije na habari za "nenda laibrari ukajaziwe flashi kwa buku", hiyo naijua, nataka njia ya halali maana nina watoto wananiangalia.

fundi_remote

Laibrari mkuu. Buku unapata sizoni nzima, tena imetafsiriwa. Uzi ufungwe.

MtuWaTabata

Nimesema mapema kabisa jamani 😂

KobeWaMtandao

Mkuu jibu fupi ni hapana, siyo yako. Ukibonyeza kununua pale unachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kuangalia, na ina masharti yake ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Hata duka lenyewe halimiliki hiyo muvi, limeruhusiwa tu na studio kuiuza, kwa hiyo mkataba wao ukiisha au wakigombana wewe uliyelipa ndio unakuwa nyasi chini ya tembo.

Siyo maneno ya kijiweni haya. Desemba 2023 Sony waliwatangazia wenye PlayStation kwamba vipindi vya chaneli ya Discovery walivyonunua vitaondolewa kwenye akaunti zao ikifika tarehe 31, na nasema vya kununua siyo vya kukodi. Watu wakawaka mitandaoni, kabla mwezi haujaisha wakarudi kusema wamepata makubaliano mapya, vipindi vitabaki kwa angalau miezi 30. Sasa jiulize, kitu changu nilichokilipia halafu naongezewa miezi kama mpangaji? Na hao walibahatika, maana mwaka uliotangulia, Agosti 2022, wateja wa Ujerumani na Austria muvi zao za StudioCanal, studio ya Ufaransa, walizonunua kwenye duka hilohilo ziliondoka. Ukirudi nyuma zaidi, 2009, Amazon waliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, wakafuta vitabu viwili vya George Orwell kwa sababu aliyevileta dukani hakuwa na haki navyo. Hela walirudisha sawa, lakini mtu kalala ana kitabu kaamka hana.

California huu mchezo wameuona, tangu tarehe 1 Januari 2025 duka haliruhusiwi kumuandikia mteja neno "nunua" kwenye vitu vya aina hii bila kumwambia waziwazi kwamba anapata leseni. Sisi wa huku sheria hiyo haituhusu ila angalau inakuonyesha kuwa siyo wewe peke yako uliyechanganywa na hilo neno.

Flashi sahau. Faili linakuja na kufuli, linafunguka ndani ya aplikesheni yao tu, ukilikopi ukalipeleka kwenye tv ni kama umebeba boksi la simu bila simu. Muziki ndio uliofunguliwa, Apple waliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lao la iTunes tangu 2009, ndio maana wimbo ulionunua ukiupeleka popote unapiga. Muvi za studio kubwa mpaka leo bado.

Pamoja na yote hayo mimi nanunua. Chache. Zile ambazo najua nitarudia mara kumi. Ila nalipa nikijua nimelipia kukaa, sijanunua kiwanja.

fundi_remote

Maelezo yote hayo kusema hawezi kuweka kwenye flashi. Kwangu inaingia kwenye flashi.

mama_Ilham

Kaka mleta uzi, hawa wanaume watakuzungushia mambo ya leseni, swali la bando nijibu mimi maana ndio limenitoa jasho. Nina mtoto wa miaka minne na ana katuni yake moja ya lisaa limoja na nusu, anaiangalia asubuhi, akitoka kulala mchana anaiangalia tena, ukimuwekea nyingine analia kama umemchanja. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, sasa piga hesabu, hiyo katuni kila ikichezwa ni GB 4 na nusu, kwa siku GB 9, kwa kitu kilekile alichokiona jana na juzi!! Nilikuwa nanunua bando kama nanunua mkaa wa masika.

Nikaenda kwenye mipangilio ya akaunti nikashusha ubora mpaka chini kabisa, hapo inakula kama GB 0.3 kwa saa, picha inakuwa kama unaangalia kupitia neti lakini mtoto hajali. Mwisho nikasema ngoja nidaunlodi nikipata waifai, ikawa raha kweli, mpaka mwezi mmoja mambo yakawa magumu sikulipia, nafungua tableti kila kitu nilichodaunlodi hakichezi. Hapo ndio nikajua kudaunlodi kwa kulipia mwezi ni kuazima, ukiacha kulipa anakuja kuchukua chungu chake na mboga ikiwa ndani.

Ile katuni nikainunua. Nimeidaunlodi mara moja, huu mwaka wa pili, sijaigusa kwa bando tena. Kama ni leseni kama ni nini mimi sijui, najua kelele zimeisha.

Mnakumbuka ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti Afrika Mashariki yote ikawa inatambaa? Nyumba nzima wamenuna, Ilham yuko sebuleni anacheka na katuni yake. Na ile wiki ya uchaguzi Oktoba 2025 mtandao ulipozimwa ndio usiseme, mpaka watoto wa jirani walihamia kwangu.

KobeWaMtandao

@mama_Ilham dada hapo umemaliza kila kitu, naongezea tu kwamba usiifute hiyo aplikesheni na usiifute tableti ikaanza upya kama mtandao wako ni wa kubahatisha, maana kuirudisha hiyo katuni lazima uingie tena kwenye akaunti na kama siku hiyo imeshatoka dukani ndio basi.

KarudiBongo

Mtoa mada mwambie huyo shemeji yako wa Muscat asome hapa kabla hajafunga mizigo kurudi.

Mimi Oman nimekaa miaka sita, nikanunua muvi kama arobaini kwenye duka moja hivi silitaji jina. Niliporudi nyumbani nikataka kulipia kwa kadi ya huku, mfumo ukanilazimisha nibadilishe nchi ya akaunti kwanza, ukaniuliza una uhakika, nikabonyeza ndiyo kama mlevi. Kufungua maktaba yangu karibu nusu hazionekani, nyingine zinaonekana ila zimeandikwa hazipatikani katika nchi yako. Nikaandika emaili, wakanijibu kwa adabu zote kabisa kwamba haki za usambazaji zinatofautiana nchi na nchi. Nikawauliza na hela yangu nayo ilitofautiana? Hawakujibu tena.

Kwa hiyo kama una akaunti ya nje iache ilivyo, fungua nyingine mpya kwa ajili ya huku, na zile unazozipenda zidaunlodi kwenye kifaa ukiwa bado hukohuko. Mimi nilijifunza nikiwa nimeshaliwa.

MtuWaTabata

@KarudiBongo duh pole sana kaka. Nimempigia simu sasa hivi, kaniambia "haiwezekani, mimi nimenunua". Nimemtumia huu uzi, amenyamaza.

Kamau_wa_Rongai

Sisi huku Kenya tulionjeshwa asali jameni. Septemba 2021 Netflix wakaweka ya bure kwa simu za Android, Kenya peke yake, hata kadi hawakuuliza, mimi nikaona sasa tumefika. Novemba 2023 wakaifunga. Tangu hapo siwezi kuamini kitu ya mtandao eti ni yangu.

Yenye nafanya siku hizi ni kuruka. Mwezi huu nalipa huyu, naangalia zote nilikuwa nazitaka, mwezi ujao nalipa yule mwingine. Siku ile nimelipa, siku hiyohiyo naingia nakatisha, na bado naangalia mpaka mwezi wangu uishe, hivyo sisahau nikakatwa pesa za bure. Orodha ya muvi nimeandika kwa noti za simu, nikishika mwezi wa mtu nampangusa kabisa. Wewe na bibi yako mnalipa mbili kila mwezi, na nabet hakuna mwezi mmemaliza hata moja.

Halafu kuna kukodi, hamjaongelea. Muvi moja unalipa kidogo kuliko bei ya kununua, mara nyingi unapewa siku 30 za kuanza na ukishabonyeza plei unapewa saa 48. Muvi ya kuangalia mara moja usahau, ya kununua yanini?

MtuWaTabata

@Kamau_wa_Rongai hiyo ya kukatisha siku hiyohiyo sikuijua kabisa. Nimeangalia nimelipia miezi minne mfululizo nikiwa safari za kikazi, sijafungua hata mara moja. Inauma.

SaleheReading

Salaam kutoka Uingereza. Naona mmesahau kitu kimoja, kama unataka iwe yako kweli kweli nunua diski. Huku kwenye maduka ya hisani DVD zinauzwa bei ya maandazi kwa sababu kila mtu anatupa deki, mimi nakusanya, nikijaza boksi natuma nyumbani Tanga.

Ila angalieni ukanda, yaani dunia imegawanywa kwa namba na diski inachezwa kwenye deki za namba yake tu. DVD ya Uingereza ni ukanda wa 2, Afrika Mashariki ni wa 5, deki inayofuata sheria itakuambia diski hii haikubaliki. Bahati nzuri deki nyingi za bei rahisi mnazouziwa huko hazijali ukanda, zinasoma mpaka sahani ya wali. Blu-ray haina shida hiyo maana Ulaya na Afrika wote ni ukanda B.

Na diski nazo siyo malaika. Joto na unyevu wa pwani zinaota ukungu, zikikwaruzwa zinagandia palepale kwenye utamu. Kaka yangu alimuazima jirani boksi zima la sizoni, jirani akahama nalo. Tukasikitika, lakini baadaye nikawaza, hiyo ndio mali sasa. Hiyo ya kwenye simu huwezi kumuazima mtu, ukifa huwezi hata kurithisha kwa amani, unaibiwaje?

bi_mkubwa_wa_bongomuvi

Mmeongea mpaka Austria, bongo muvi hakuna aliyeitaja. Mimi nina sanduku la sidii za kibongo, za tangu 2013 zile zina stempu ya TRA, watu wa kodi, kabisa, nyingi sijaziona mahali popote mtandaoni siyo za kununua wala za kulipia. Deki yangu ikifa na hizo muvi zimekufa. Kama kuna anayejua fundi mzuri wa lenzi ya deki hapa Dar anicheki.

fundi_remote

@bi_mkubwa_wa_bongomuvi lenzi nabadilisha, njoo na deki yenyewe usije na remote peke yake kama wenzio. Na hizo sidii zako original nakusevia kwenye flashi, hapo hakuna wizi, mali ni yako.

KobeWaMtandao

Leo fundi kaongea kitu cha maana kwa mara ya kwanza tangu ajiunge.

MtuWaTabata

Wakuu nashukuru sana kila mmoja. Nimekaa na mama watoto tumekubaliana hivi, kuanzia mwezi ujao tunalipa moja tu kwa zamu kama alivyosema Kamau, na zamu ya kwanza ni ya tamthilia zake (hapo sikuwa na kura). Katuni mbili za watoto na muvi zangu tano nazinunua, nadaunlodi kwenye tableti ya zamani, ile nimeipa kazi hiyo tu haifanyi kingine. Shemeji kaniandikia sasa hivi, hahami akaunti na anaanza kudaunlodi leo usiku, zote sitini, anauliza kama kuna anayejua tableti yenye nafasi kubwa kwa bei ya kawaida.

Swali la mwisho, deki ya Blu-ray Kariakoo bado zinapatikana? Na zinaanzia bei gani?

fundi_remote

Zipo. Usiende peke yako, wakikusikia unasema Blu-ray wanajua una hela.