Naomba ushauri: mama ana baridi yabisi, gharama za kliniki zimetushinda

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 54, ni mkulima wa alizeti Singida vijijini. Ana baridi yabisi. Asubuhi vidole vinakuwa vimevimba na kukakamaa, hawezi kukamua nguo wala kushika mwiko mpaka jua lipande. Kwa muda mrefu alikuwa anapewa diklofenaki (dawa ya maumivu) tu zahanati, na sasa tumbo linamsumbua.

Daktari bingwa aliyemwona Dodoma alimwanzishia methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, mara moja kwa wiki, pamoja na foliki asidi, akasisitiza apime damu na ini mara kwa mara. Dawa imeanza kumsaidia. Kinachotushinda ni nauli, vipimo na ada ya kumwona daktari, kwa sababu kadi yetu ya CHF iliyoboreshwa (bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii) inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee nao unaanzia miaka 60. Mama wa mwenzangu kazini ana ugonjwa huu huu, lakini ana bima ya mtumishi, na mpaka leo anashona nguo vizuri kabisa. Inaniuma sana, maana kiungo kikishapinda hakirudi.

Naombeni mnisaidie: vipimo hivi vinaweza kufanyika mkoani, majibu yakatumwa kwa bingwa? Ofisa ustawi wa jamii anaweza kumpa msamaha mtu aliye chini ya miaka 60 asiye na uwezo? Na mnaotumia methotreksati, dawa ikikosekana huwa mnapangaje na daktari? Sitaki aiache kiholela.